Sala Isiyokwepa Kliniki

Tafiti tatu za kitaifa, wa 2011/12, wa 2016/17 na wa 2022/23, zote ziliukuta Mkoa wa Njombe ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Ule wa mwisho ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, ilhali wastani wa nchi nzima ni asilimia 4.4. Na huko huko Njombe ndiko wamisionari wa Berlin walikoanza kazi Kidugala mwishoni mwa karne ya 19, ndiko Wakatoliki waliko na jimbo lao tangu 1968, na ndiko mikesha ya maombi hujaza watu hata usiku wa baridi kali ya Juni. Mwenye mashaka ana haki ya kuuliza: watu hawa wamesali miaka yote hii, na Mungu wanayemtegemea amefanya nini? Swali hilo halistahili kukemewa. Linastahili kujibiwa, na mimi naona jibu lipo, ila wengi wetu, waumini kwa wasioamini, tunalitafuta pasipo pake.

Kwanza tuielewe asilimia yenyewe, maana si kipimo cha laana wala cha upungufu wa imani. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Malori hulala, pesa huzunguka, wageni hukutana. Mashamba ya chai na kazi za mbao huvuta vibarua walioacha familia zao mbali, na zamani wanaume wengi wa huku hawakuwa wakitahiriwa, jambo linaloongeza hatari ya kuambukizwa. Virusi vilipita kwenye milango hiyo. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika mno. Kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, mwaka 2004, aliyeugua alikufa, na aliyekufa hahesabiwi tena katika utafiti. Anayemeza dawa anaishi, na kila utafiti unamhesabu upya. Kwa hiyo ndani ya hiyo asilimia 12.7 wamo maelfu ambao miaka ya tisini wangekuwa makaburini, na leo wanalima viazi na kulea watoto. Anayeitaja namba hiyo kama ushahidi kwamba sala haikujibiwa anawataja watu walio hai.

Mwenye mashaka atasema: hao wameokolewa na vidonge, sala imeingiaje? Ni hoja nzito, nami sitaki kuikwepa. Kidonge hufanya kazi mwilini kwa nguvu yake, awe anayekimeza ni mcha Mungu au la. Lakini dozi hii ni ya kila siku, ya maisha yote, na linalowafanya watu waiache mara nyingi si ukosefu wa dawa. Ni aibu, upweke na kukata tamaa: mama anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya CTC, kliniki ya wenye VVU, baba anayeona bora afe kimya kuliko kumwambia mkewe. Hospitali ya Ilembula, ambayo ni ya Walutheri, inaweza kumpa mtu vidonge vya mwezi. Sababu ya kuamka na kuvimeza haitoki katika chupa. Hapo ndipo sala inafanya kazi ninayoiita ya nguvu za Mungu bila kusita. Humpa mtu uthabiti ambao hakuwa nao jana, na humzungushia watu wengine. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya sabini, husali nyumba kwa nyumba kila wiki. Wanaosali hivyo hujua nani hakuja, na kesho yake mmoja wao hupita kumjulia hali.

Waumini wa kawaida wanalielewa hili kuliko baadhi ya wahubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwahoji waumini wa Kikatoliki, Kilutheri na Kipentekoste hapa Tanzania. Wanane hivi katika kila kumi walisema sala inaweza kuponya VVU, na zaidi ya tisa katika kumi walisema wakikutwa na virusi wataanza dawa. Wengine watasema huo ni mkanganyiko. Mimi naona ni busara ya watu wasiompangia Mungu njia ya kupitia. Biblia yenyewe iko upande wao: mfalme Hezekia alilia mbele za Mungu, akaongezewa miaka kumi na mitano, na bado nabii Isaya akaagiza jipu lake libandikwe mkate wa tini. Kitabu cha Yoshua bin Sira, walicho nacho Wakatoliki, kinamtaka mgonjwa asali kisha ampishe tabibu. Nao Waislamu wa Makambako wanayajua mafundisho ya Mtume: funga ngamia wako, ndipo utawakali.

Kwa hiyo wanaohubiri kwamba kumeza dawa ni kukosa imani hawaitetei imani. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Siwalaumu waliopanda magari, wengi walikuwa wamechoka kuumwa. Lakini wapo walioamini wamepona wakaacha dozi, na virusi havikusubiri. Utafiti ule wa 2009 ulifichua jeraha jingine: zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini VVU ni adhabu ya Mungu. Imani hiyo haikuota yenyewe, kwa muda mrefu imefundishwa mimbarani. Mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake ni hukumu atamwombaje hakimu amshike mkono? Kanisa lolote la Njombe linalotaka watu wake wategemee nguvu za Mungu lina wajibu wa kuliondoa fundisho hilo, kwa sauti, pale pale lilipotamkiwa.

Linabaki pingamizi lililo gumu kuliko yote: waliosali sana wakafa, kabla dawa hazijafika. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, haukuondolewa, akapewa neema ya kuubeba. Jibu hilo ni la kweli, lakini aliyezika hapaswi kuharakishwa kulipokea. Ninachoweza kukitaja ni hiki. Wengi wa wazazi waliokufa Makete na Wanging'ombe, mkoani Njombe, miaka ile waliomba kuhusu watoto wao. Bibi ambao hawakuwa na chochote zaidi ya kishamba cha mahindi na rozari, au kitabu cha nyimbo cha Kilutheri, waliwachukua wajukuu hao, wanne au watano kwa mara moja, wakawasomesha kwa kuuza viazi na ulanzi. Watoto hao sasa ni watu wazima, na wapo miongoni mwao walioambukizwa tangu kuzaliwa, wanaokwenda kliniki na kurudi kazini.