Skii za Bingwa Hazimfai Anayeanza

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, aliyejaliwa kupata ufadhili wa masomo nchini Norwe, alibisha hodi ofisini na kuniuliza swali ambalo sikupata kuulizwa katika miaka yangu yote ya ualimu: "Mwalimu, ninunue skii gani?" Alikuwa na picha ya jozi moja ndefu, nyembamba, ya mashindano. Tayari amekwisha kukata shauri kuitolea karibu posho yake yote ya mwezi wa kwanza. Nilimwomba aketi, kwa maana kosa hilo nalijua. Nililitenda mimi mwenyewe.

Mwaka 2010, nikiwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Oslo, nilinunua kwa bei nafuu skii zilizokuwa za mwanariadha. Nilizibeba begani kwa majivuno, nikapanda treni ya mjini hadi Frognerseteren, kituo cha mwisho mlimani, ambako watoto wadogo huvaa skii zao na kutokomea katika msitu wa Nordmarka. Mimi kila nilipokanyaga ili nisonge mbele, nilirudi nyuma. Nilianguka mara nisizoweza kuhesabu. Kifundo cha mkono kilivimba, na kwa wiki tatu sikuweza kushika kalamu, ilhali tasnifu ilikuwa ikiningoja.

Ilinichukua muda kuelewa sababu. Skii ya kutembelea msituni haikunyooka. Katikati imeinuka kidogo mithili ya upinde. Chini ya upinde huo hupakwa nta ya kunata, au huwekwa magamba au ukanda wa manyoya, ili ishike theluji mtu anapoukandamiza kwa mguu mmoja. Upinde ukiwa mgumu kuliko uzito wa mwenyewe, nta haigusi theluji, naye huteleza kinyumenyume. Ukiwa laini kupita kiasi, hukwaruza theluji wakati wote. Basi usipime kimo peke yake, pima uzito.

Madukani kuna jaribio rahisi. Simama juu ya skii zote mbili sakafuni, uzito umegawanyika sawasawa, na mwenzako avute karatasi iliyo chini ya wayo wako. Itoke bila taabu. Kisha uelemee mguu mmoja: sasa karatasi isitoke. (Wanorwe, kwa njia, hutamka neno hilo "shi"; sisi tumelipokea kupitia Kiingereza. Asili yake katika lugha ya kale ya huko ni kipande cha gogo lililopasuliwa.)

Viatu ndivyo vya kuchagua kwanza kabisa: kisigino kisipande, vidole visibanwe, na nafasi ya soksi ya sufu ibaki. Fimbo zifike kwapani, basi.

Kijana hakuridhika. Alinikumbusha Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kwa skii za mashindano. Ni kweli, nami namheshimu mno. Lakini Boit alikuwa mwanariadha hodari wa mbio kabla ya kugusa theluji, akapelekwa Finland kufunzwa, akawa na makocha na wafadhili. Hata hivyo, katika kilomita 10 alimaliza wa 92, nyuma ya wote waliomaliza, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie, ambaye alimngoja na kumkumbatia. Iwapo njia ilikuwa ngumu hivyo kwa mtu kama yule, mwanafunzi wa Jumapili anazitakia nini skii za bingwa?

"Je, naweza kukodi kwanza?" aliuliza hatimaye. Nilimwambia akodi msimu mzima, zile za magamba zisizohitaji nta. Kisha tukateremka pamoja hadi zahanati ya chuo, akapanda mizani. Kilo 61. Aliziandika nyuma ya ile picha.