Jicho Hutazama, Ubongo Huona

Leo naanza na swali. Mtoto wako anapokutazama akinyonya, anakuona kwa nini? Wengi watasema kwa macho. Lakini jicho ni kama dirisha tu. Hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe, nao husafiri kwa mishipa ya fahamu mpaka sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Hapo ndipo sura yako inapotambuliwa.

Sauti hushughulikiwa pande mbili za kichwa, karibu na masikio. Harufu ina njia fupi: kutoka puani huingia ubongoni karibu na mahali pa kumbukumbu, ndiyo maana harufu ya moshi wa kuni inaweza kukurudisha ghafla jikoni kwa nyanya yako.

Mtoto huzaliwa masikio na pua vikiwa vimeshaanza kazi. Alisikia sauti yako tumboni katika miezi ya mwisho ya mimba, na siku chache tu baada ya kuzaliwa huijua harufu yako. Kuona ndiko kunakochelewa. Mwanzoni huona vizuri kiasi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titini hadi usoni pako. Zaidi ya hapo ubongo hujifunza polepole, kwa picha zinazoletwa na macho yote mawili.

Na hapo ndipo penye hatari. Miaka ya 1960 huko Marekani, wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel waliziba jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua baada ya wiki kadhaa, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini paka hakuona nalo. Ubongo ulikuwa umezoea kulitegemea lile lingine. Paka wakubwa walipozibwa vivyo hivyo hawakudhurika. Kwa kazi yao ya kuchunguza jinsi ubongo unavyoona, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981.

Mtoto mwenye makengeza, au aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, anaweza kupatwa na jambo hilohilo. Akina mama huambiwa, "Ngoja, yataisha akikua." Macho kwenda upande mara mojamoja katika miezi 3 ya kwanza si ajabu. Akipita miezi 4, usingoje. Daktari wa macho anaweza kumpa miwani, au kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Matibabu haya hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Atalia na kubandua plasta, hilo nakuambia mapema. Mbandike tena.

Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha uliyompiga kwa simu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Huenda ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake hutakiwa mapema. Wakati mwingine ni saratani. Ukienda chanjo ya wiki 6, mwombe muuguzi amtazame macho.

Kusikia nako kuna wakati wake. Akifika miezi 6, mtu asimame nyuma yake na kugonga sufuria taratibu, asionekane. Asipogeuka, rudia siku nyingine akiwa ameshiba na ametulia. Asipogeuka tena, apimwe masikio. Huenda mtoto unayemsifu kwa upole hasikii.