Kushinda Kesi Ni Jambo Moja, Kurudishiwa Ardhi Ni Jingine

Kila ardhi ya jamii inapozungumziwa katika baraza, halikosi swali hili: ikiwa vyombo vya haki za binadamu vya Afrika vilikwisha kuamua kwamba jamii fulani za Kenya zilidhulumiwa, mbona jamii hizo hazijarudishiwa ardhi yao? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si fupi. Linamhusu pia mkaazi ambaye hajawahi kufika Bogoria wala Mau, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya jamii nchini bado haijasajiliwa, na ardhi ambayo haijasajiliwa ndiyo rahisi kuchukuliwa.

Tuanze na Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo. Endorois ni wafugaji walioishi kando ya ziwa hilo kwa vizazi vingi. Mifugo yao ililamba chumvi ya pale, dawa za miti shamba zilitoka pale, na matambiko yao yalifanyiwa pale. Mwaka wa 1973 serikali ya wakati huo ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyamapori, kisha ikatoa tangazo jingine mwaka wa 1978. Watu wakaondolewa. Kulikuwa na ahadi za ardhi mbadala yenye rutuba, fidia, na sehemu ya mapato ya utalii. Mwaka wa 1986, familia 170 kati ya takriban 400 zilizokuwa zimetambuliwa zililipwa Sh3,150 kila moja. Hayo ndiyo yaliyotimia, na familia nyingi hazikupata hata hicho kidogo.

Endorois walienda Mahakama Kuu ya Nakuru, wakashindwa mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Walisaidiwa na mashirika mawili, CEMIRIDE la hapa Kenya na Minority Rights Group la Uingereza. Uamuzi ulifikiwa mwishoni mwa 2009 na kutangazwa Februari 2010 baada ya kuidhinishwa na Umoja wa Afrika. Tume ilisema Kenya ilivunja haki za Endorois za mali, dini, utamaduni na maliasili. Iliongeza jambo ambalo hakuna chombo cha kimataifa cha aina yake kilichokuwa kimelisema kabla ya hapo: kwamba jamii hiyo ilinyimwa haki ya maendeleo. Maana yake ni kwamba maendeleo yanayomfukuza mtu kwake bila kumshirikisha, kwa macho ya Tume, si maendeleo yake.

Tume ikataka Endorois watambuliwe kama wamiliki na warudishiwe ardhi ya mababu, waruhusiwe kufika ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho, walipwe fidia na mrabaha wa shughuli za kiuchumi zinazoendelea pale, na wapate ajira katika hifadhi. Mwaka wa 2011, kabla mambo hayo hayajatekelezwa, Bogoria liliingizwa pamoja na Nakuru na Elementaita katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Endorois walilalamika kwamba hawakuulizwa, na Tume ikawaunga mkono. Septemba 2014 serikali ya kitaifa iliunda kikosi kazi cha mwaka mmoja cha kuangalia namna ya kutekeleza uamuzi huo. Jamii ililalamika tena, safari hii kwamba haikuwa na mwakilishi ndani yake. Ardhi bado haijarudishwa.

Kesi ya Ogiek wa msitu wa Mau inafanana na hiyo, ila ilifika mbali zaidi. Oktoba 2009 walipewa ilani ya siku 30 wahame. Tume ilipokea malalamiko yao, na mwaka wa 2012 ikaipeleka kesi mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja vifungu kadhaa vya Mkataba wa Afrika. Serikali ilikuwa imedai kwamba Ogiek wanaharibu msitu. Majaji waliupima ushahidi na kusema uharibifu ulitokana na watu wengine kuingia msituni, mipango mibaya ya makaazi, na vibali vya kukata miti. Hoja hiyo ina uzito wake, maana wavunaji asali ndio wa mwisho kunufaika na mti ulioangushwa. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru Ogiek walipwe Sh57,850,000 kwa hasara ya mali na Sh100,000,000 kwa mateso, fedha hizo ziingie katika hazina ya maendeleo ya jamii, na ardhi yao ipimwe na kupewa hatimiliki ya pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 watu walifurushwa tena katika msitu huo, na Ogiek wakiwemo.

Basi kizuizi kiko wapi? Cha kwanza ni nguvu ya maamuzi yenyewe. Yanayotoka Banjul huitwa mapendekezo, na serikali nyingi barani hulishika neno hilo. Uamuzi wa Arusha una nguvu ya kisheria, kwa kuwa nchi iliyoridhia itifaki ya mahakama hiyo, Kenya ikiwemo, imejifunga kuutii. Lakini mahakama haina polisi wala haina hazina. Inaripoti kwa Umoja wa Afrika, na ndani ya Umoja wa Afrika wanaoketi mezani ni serikali zile zile zinazoshtakiwa. Katiba yetu, Kifungu cha 2(6), inasema mkataba wowote ambao Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Wanasheria bado wanabishana kuhusu jinsi hukumu ya nje inavyogeuka kuwa amri ambayo ofisi ya ardhi inaweza kuitekeleza kesho asubuhi.

Kisha kuna suala la nani anaruhusiwa kubisha hodi. Mwananchi au shirika haliwezi kwenda Arusha moja kwa moja isipokuwa nchi yake imeweka tamko maalumu la kuruhusu hivyo. Kenya haijaweka, na ndiyo sababu Ogiek walipitia kwa Tume. Baadhi ya nchi zilizokuwa zimeweka zimejiondoa: Rwanda mwaka wa 2016, Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji wa mahakama, mwaka wa 2019, kisha Benin na Côte d'Ivoire mwaka wa 2020. Wanaotetea kujiondoa huko wanasema mahakama ilianza kuingilia mamlaka ya nchi huru. Wanaopinga wanasema mlango wa mahakama hauna maana ukifungwa na mshtakiwa. Mjadala huu si wa Afrika pekee, maana Ulaya na Amerika Kusini zina mahakama zao za haki za binadamu, na huko nako serikali hulalamika pale hukumu inapoziuma.

Mjadala mwingine, ambao pengine utatugusa zaidi katika miaka ijayo, ni kati ya uhifadhi na haki za wenyeji. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana mjini Montreal kwamba kufikia 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na bahari za dunia iwe imehifadhiwa. Makubaliano hayo yanataja wazi kwamba haki za watu wa asili na jamii za wenyeji ziheshimiwe. Lakini asilimia 30 ni nambari inayoweza kupimwa kwenye ramani, na haki haipimwi kwa ramani. Wanaharakati wanahofia kwamba serikali zitakimbilia nambari na kuwaacha watu nyuma. Upande wa pili nao una hoja isiyopuuzwa: Mau ndiyo chanzo cha mito kama Mara, Sondu na Njoro, na msitu ukiisha, anayekosa maji ni mkulima na mfugaji wa mbali ambaye hakukata mti hata mmoja. Mtu anayekwambia kwamba upande mmoja tu ndio wenye haki hapa, muulize anakunywa maji ya mto gani.

Biashara ya kaboni imeongeza chumvi katika kidonda hicho. Kampuni inalipia nyasi au miti ihifadhiwe ili yenyewe ihesabiwe kuwa imepunguza moshi wake. Fedha zinaingia, na swali ni zinamfikia nani, na ni nani aliyekubali. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori katika ardhi ya jamii zilianzishwa kinyume cha sheria. Moja kati yake ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni wa kaskazini mwa Kenya. Kabla ya hapo, marekebisho ya mwaka wa 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yalikuwa yameweka sharti kwamba mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na uipe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Wazee wakiletewa karatasi ya kutia saini, nambari hiyo waikumbuke.

Hata jina lenyewe lina utata. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono, nne zikapinga (Marekani, Kanada, Australia na New Zealand), na 11 hazikuegemea upande wowote. Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 11. Hoja ya serikali nyingi za Afrika imekuwa kwamba Waafrika wote ni wa asili, na kwamba kuteua jamii moja na kuipa jina hilo ni kupanda mbegu ya ukabila. Tume ya Afrika ilijibu kwamba hoja si nani aliyetangulia kufika. Kinachoangaliwa ni jamii ambayo maisha yake yamefungamana na ardhi fulani, utamaduni wake uko hatarini, na imesukumwa pembeni. Bunge letu nalo lilipotunga sheria ya 2016 halikuuliza nani alikuja kwanza. Lilizungumzia jamii, likaeleza kwamba jamii inaweza kuunganishwa na asili moja, utamaduni, shughuli za riziki, au eneo wanakoishi.

Kuhusu anayezungumza kwa niaba ya jamii, kuna maneno mengi yanayosemwa kwa sauti ya chini. Kesi ya miaka mingi huhitaji mawakili, tafsiri na nauli, na gharama hizo mara nyingi hubebwa na mashirika yanayopata fedha kutoka nje. Mwaka wa 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi ya haki yakapunguza kazi. Wakosoaji wamesema kwa muda mrefu kwamba shirika linalolipwa na mfadhili husikiliza mfadhili. Huenda ni kweli mara nyingine. Lakini bila mashirika hayo, Endorois wangeishia Nakuru mwaka wa 2002. Ndani ya jamii zenyewe kuna wasiosikika: mjane, msichana aliyeolewa mbali, kijana asiye na mifugo. Kuhusu hao sheria imesema wazi kwamba haki za wanajamii ni sawa bila kujali jinsia, umri au ulemavu, na mwanamke aliyeolewa katika jamii ni mwanajamii.

Sasa turudi nyumbani. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kaunti ni mdhamini tu. Haina ruhusa kuiuza, kuihamisha wala kuibadilisha iwe ya mtu binafsi. Ardhi hiyo ikichukuliwa kwa mradi wa barabara, umeme au bwawa, fidia inapaswa kuwekwa katika akaunti maalumu yenye riba, na kukabidhiwa jamii ikishasajiliwa pamoja na riba yake. Ndiyo kusema, jamii inayochelewa kujisajili haipotezi haki yake, lakini fedha zake zinakaa kwa mdhamini na sauti yake mezani inakuwa ndogo.

Usajili huanza kwa Msajili wa Ardhi ya Jamii kutoa tangazo gazetini na redioni, akiwaita wote wenye maslahi katika ardhi husika kwenye mkutano wa hadhara. Mkutano huo huchagua kamati ya watu kati ya 7 na 15. Kamati huandaa orodha kamili ya wanajamii, kisha huwasilisha kwa msajili jina la jamii, orodha hiyo, kumbukumbu za mkutano na kanuni ambazo jamii imejiwekea. Ugomvi mwingi huzuka kwenye orodha: nani ameandikwa, nani ameachwa, na mtoto wa nani anahesabiwa. Afadhali ugomvi huo uzuke mapema chini ya mti kuliko baadaye mahakamani.

Baada ya usajili, kuuza au kutoa ardhi ya jamii kunahitaji kukubaliwa na angalau theluthi mbili ya wanajamii wote watu wazima waliosajiliwa, na makubaliano na mwekezaji yanahitaji kiwango hicho hicho. Saini za kamati peke yake hazitoshi. Ikiwa mtu amekuja wadi yenu na mkataba uliokwisha kuandikwa, mwombeni nakala, ipelekeni kwa afisa wa ardhi wa kaunti ndogo kabla hamjatia saini, na itisheni mkutano wa jamii nzima. Waliokuwa wanajamii wa ranchi za vikundi zilizosajiliwa chini ya sheria ya zamani ya 1968 nao wanatakiwa kujisajili upya chini ya sheria hii, hata kama bado wana hati zao za awali mkononi.