Gari la Watalii Linakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, kama unaishi Makuyuni, Mto wa Mbu au Karatu, magari yale unayajua. Yana rangi ya mchanga, na paa lake huinuliwa juu. Ndani wamekaa wageni wawili au watatu, au baba na mama na watoto wao. Watoto wa kijiji huwapungia mikono. Gari linapita, nanyi mnarudi kwenye kazi zenu.

Je, umewahi kujiuliza gari lile linakwenda wapi? Na je, safari ile inakuhusu wewe mkulima au mfugaji? Tulifuate gari moja kwa siku sita.

Watalii wengine husafiri pamoja na watu wasiowajua, ndani ya gari moja. Wengine hukodi gari lao peke yao. Hupewa dereva ambaye pia ni mwongozo. Kama watalala kwenye mahema, huchukua na mpishi. Hiyo huitwa safari ya binafsi, nayo ni ghali. Kuingia Serengeti tu, mgeni mtu mzima kutoka nchi za nje hulipa zaidi ya dola 60 za Marekani kwa siku moja. Bado hajalipia gari, chakula na kitanda. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana, tena kwa shilingi. Kwa hiyo usidhani kwamba hifadhi ni za wageni tu.

TARANGIRE

Siku ya kwanza gari linatoka Arusha asubuhi. Linafika Makuyuni, linashika njia ya Babati, kisha linaingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1970. Ina mto ambao haukauki wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wakati huo tembo, nyumbu na pundamilia hujaa hapo.

Lakini mvua zikinyesha, wanyama wengi huondoka. Nyumbu na pundamilia hutoka nje ya hifadhi na kwenda mbuga za Simanjiro. Huko majani mafupi yana madini wanayoyahitaji, na huko ndiko wanakozalia. Mbuga hizo si za hifadhi. Ni ardhi ya vijiji.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mgeni amelipa Tarangire, lakini mnyama anayemtazama amezaliwa kijijini. Njia anazopita zikilimwa zote, hawezi kwenda wala kurudi. Njia hizo huitwa mapito ya wanyama. Katika mikutano utasikia wataalamu wakiziita shoroba.

Vijiji vingine vimelitambua jambo hili na kulitumia. Katika miaka ya 2000 makampuni kadhaa ya utalii yalipatana na kijiji cha Terrat, Simanjiro. Kijiji kiliacha mbuga yake bila kulimwa, ng'ombe wakaendelea kulishwa humo, nayo makampuni yakalipa fedha kila mwaka. Kati ya Tarangire na Ziwa Manyara kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge. Vijiji vya wilaya ya Babati vilitenga sehemu ya ardhi yao. Hoteli za kitalii zilizojengwa humo hulipa, na sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini.

Kama kijiji chako kimo katika jumuiya ya namna hii, usikae kimya. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hesabu za mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda, na uulize: Zimeingia shilingi ngapi? Zimefanya nini? Sasa unajua kusoma. Omba uione karatasi yenyewe. Kuuliza si utovu wa adabu, ni haki yako.

Najua wengi mtasema, "Na tembo je?" Mna haki ya kusema hivyo. Tembo mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za chakula kwa siku. Wakiingia kumi katika shamba la mahindi usiku mmoja, asubuhi familia haina chakula cha mwaka.

Tembo hapendi pilipili. Simamisha nguzo kuzunguka shamba na ufunge kamba ya katani. Saga pilipili kali zilizokauka, changanya na oili chafu ya gari. Paka mchanganyiko huo kwenye kamba na kwenye vitambaa, kisha vining'inize. Mvua ikinyesha, paka tena. Wengi hushindwa hapa. Hupaka mara moja, wakasahau, kisha wakasema dawa haifai. Tena, mkifanya wachache, tembo atazunguka na kuingia kwa jirani.

Njia nyingine ni nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita kumi hivi. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ni kazi zaidi, lakini unapata asali. Usitoke peke yako usiku kumfukuza tembo. Watu wamekufa kwa njia hiyo.

Akishaharibu, toa taarifa siku ile ile kwa mtendaji wa kijiji, kabla dalili hazijafutika. Usivune wala kulima upya kabla wataalamu hawajapima. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Haifiki thamani ya mazao yote, na mara nyingi huchelewa. Shamba lililo karibu mno na mpaka wa hifadhi halilipwi.

MTO WA MBU NA KARATU

Siku ya pili wageni wanaona Ziwa Manyara na kupita Mto wa Mbu. Hapo maji ya kumwagilia yanatoka ukingo wa Bonde la Ufa, na wakulima wanapata mpunga na ndizi. Wageni hununua ndizi nyekundu barabarani. Hilo ni jema, lakini ni biashara ndogo.

Mnunuzi mkubwa ni jiko la hoteli. Jiko linataka mayai, karoti, nyanya, kabichi na vitunguu, kila wiki, mwaka mzima. Mkulima mmoja akipeleka magunia matatu ya kabichi mwezi wa sita, kisha asionekane tena, hoteli itarudi kununua mjini Arusha. Wakulima kumi wakipanga zamu ya kupanda, hawatakosa mboga ya kupeleka.

SERENGETI

Siku ya tatu gari linapanda Ngorongoro, linapita karibu na Oldupai, na kuingia Serengeti. Oldupai ni jina la Kimasai la katani ya porini. Hapo mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka karibu milioni mbili.

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Wageni wanakaa huko siku mbili. Wanakuja hasa kuona nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja. Mwanzoni mwa mwaka huzaa kusini, karibu na Ndutu. Kuanzia mwezi wa saba hufika mto Mara na kuvuka hadi Kenya, bila pasipoti. Gari la watalii haliruhusiwi kupita mpaka ule. Mgeni anayetaka kuona pande zote mbili hana budi kuzunguka hadi Namanga au Sirari.

Nyumbu hawa hawakuwa wengi hivi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai kwa maelfu, na nyumbu pia. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa 250,000 hivi. Watu walidhani kwamba sotoka inakaa kwa wanyama wa porini. Kumbe ilikuwa ikitoka kwa ng'ombe. Wafugaji wa kandokando walipochanja ng'ombe wao, ugonjwa uliisha hata porini. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walipita milioni moja. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Sindano aliyopigwa ng'ombe wa mfugaji ilimponya nyumbu.

Mbwa nao wana habari yao. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti kutoka vijijini. Karibu theluthi moja ya simba walikufa. Siku ya chanjo ikitangazwa, peleka mbwa wako. Chanjo ya kichaa cha mbwa itamlinda na mtoto wako.

Mfugaji naye ajihadhari na ndama wa nyumbu. Wana ugonjwa ambao wao hauwaumizi, lakini ng'ombe akiupata hufa, wala hauna dawa. Ondoa ng'ombe mahali nyumbu wanapozalia mpaka ndama wafikie miezi minne hivi.

KRETA

Usiku wa tano wageni wanalala Ngorongoro, penye baridi kali. Asubuhi wanashuka kreta, mita 600 hivi kwenda chini. Wanaona simba, nyati, na wakibahatika, faru. Twiga hawamo, kwa sababu kuta ni mwinuko mkali. Katika eneo la Ngorongoro watu wanaishi na mifugo yao, lakini kilimo kimekatazwa. Tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, na jambo hilo limeleta mabishano makubwa.

Mchana gari linapanda tena na kushika njia ya kurudi. Likipita Makuyuni jioni, wageni wamelala usingizi. Kesho yake dereva ataliosha, mpishi atakwenda sokoni kutafuta mayai na karoti, na wageni wengine watapanda.