Umeliwa kasino? Tulia kwanza kabla hujabonyeza simu

Tuchukue mfano wa mkulima wa Tulia, kule Kitui. Ndengu zimekubali msimu huu. Amezipeleka Nairobi, ameuza, na ana shilingi 30,000 mfukoni. Jioni rafiki anamwambia, "Si tuingie kasino kidogo tu?" Wanatoka saa nane usiku, amebaki na nauli peke yake. Asubuhi yuko kwenye matatu ya kurudi nyumbani, anawaza karo ya watoto, na simu iko mkononi.

Hapo ndipo tunataka kuongea nawe. Hasara ya jana imeshaisha, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kuna hasara ya pili, ile ya kutafuta kurudisha pesa leo leo, na hiyo bado unaweza kuizuia.

Kwa nini unahisi lazima uzirudishe?

Usijione mjinga. Kupoteza shilingi 1,000 humuuma mtu kuliko anavyofurahia kupata shilingi 1,000, ndiyo maana akili inakwambia, "Mara moja tu, zirudi." Shida ni kwamba mchezo haukumbuki uliliwa. Gurudumu la ruleti la kawaida lina namba 37: nyekundu 18, nyeusi 18 na sifuri moja ya kijani. Hata nyekundu ikitoka mara tano mfululizo, nafasi ya nyeusi ni ile ile, 18 kati ya 37. Hiyo sifuri ndiyo inayolisha kasino. Kwa wastani, kati ya kila shilingi 1,000 zinazowekwa mezani, inabaki na kama shilingi 27. Ukizungusha hizo 1,000 mara kumi, hiyo tayari ni 270. Kadiri unavyocheza kurudisha, ndivyo unavyozidi kuilipa. Michezo ya kwenye simu nayo imepangwa hivyo hivyo, tena haifungi usiku.

Fanya nini sasa?

1. Lala kwanza. Usiweke pesa kwenye mchezo wowote kwa saa 24. Wahenga walisema hasira hasara, na hapa ni hasara kweli kweli.

2. Usikope ili ucheze. Tunajua mkopo wa simu unaingia kwa dakika mbili, na sisi ni watu wa pesa za simu, lakini tunakwambia ukweli. Ukipoteza 30,000 kisha ukope 5,000 uzipoteze pia, umepoteza 35,000 na riba juu. Mkopo wa kutumia zaidi ya salio lako hujilipa wenyewe: kijana wako akikutumia ya unga kutoka Mombasa, deni linakatwa kwanza. Unga ndio unaochelewa.

3. Angalia taarifa ya akaunti yako. Omba ya miezi mitatu, kisha ujumlishe yote uliyotuma kwenye kamari. Namba itauma, lakini afadhali uijue. Wengi hukumbuka siku waliyoshinda, wakasahau siku nyingine zote.

4. Panga kilichobaki. Andika chakula, karo na deni, kwa mpangilio huo. Nenda shuleni uongee mapema kuhusu kulipa kidogo kidogo, badala ya kungoja mtoto arudishwe nyumbani.

5. Mwambie mtu mmoja. Anaweza kuwa mke au mume, kaka, au mweka hazina wa chama chenu. Siri ndiyo inayomrudisha mtu mchezoni, maana anataka zirudi kabla hazijajulikana. Ukiona hujiamini, mwombe akuwekee pesa, au zihamishie kwenye akiba iliyofungwa mpaka tarehe fulani. Pia iombe kampuni ya kamari ikufungie akaunti yako.

6. Jihadhari na matapeli. Atakayekupigia akisema anaweza kukurudishia pesa za kamari kwa ada kidogo ni mwizi. Malipo uliyoidhinisha mwenyewe kwa PIN yako si sawa na pesa zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN.

Ikiwa mawazo yamekuwa mazito, huli, hulali, au unaona maisha hayana maana, usikae nayo peke yako. Piga 1199, laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Haulipii kitu, na kuna mtu wa kukusikiliza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yule mkulima wetu bado ana shamba, na mvua ya Oktoba ikinyesha atapanda ndengu tena. Kazi yake leo ni moja tu: afike nyumbani bila deni jipya. Akishuka stejini, jina la mahali penyewe litamkumbusha la kufanya. Tulia.