Katuni saba ambazo mfanyabiashara wa mpakani hafai kuzikosa

Na Mwandishi Wetu, Bwera

IJUMAA ni siku ya soko Mpondwe, kama ilivyo Jumanne. Kufikia saa nne asubuhi hakuna nafasi ya kupita. Bodaboda zimepakia magunia, akina mama wamejitwisha vitenge, samaki wakavu na chumvi ya Katwe, na wote wanaelekea daraja la Lhubiriha au wanatoka upande wa Kasindi.

Katikati ya msongamano huo nilinunua karanga. Mama muuzaji alinifungia kwa kipande cha gazeti kuukuu. Mwanawe, mvulana wa miaka kama tisa hivi, akaniomba nimrudishie karatasi nikimaliza kula. Ilikuwa na katuni: mtu mnene anamfukuza mbuzi aliyebeba kofia yake mdomoni. Picha tatu zilikuwepo, ya nne ilikuwa imekatwa.

"Nataka kujua kama alimkamata," mtoto aliniambia.

Mama yake akacheka. "Mwisho wake nimeshamfungia mteja mwingine. Saa hizi uko njiani kwenda Beni."

Nilirudi Kasese jioni nikiwa na swali la mtoto yule. Wachoraji wa ukanda wetu wamekuwa wakisimulia hadithi kwa picha kwa zaidi ya miaka 60, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Kampala na Kinshasa. Hapa mpakani tunavusha kila kitu, kuanzia nyanya hadi vipuri vya pikipiki. Hadithi hizo huvuka zikiwa zimefungiwa karanga.

Ni hasara, na hasara hiyo ni ya wafanyabiashara pia. Juu ya daraja lile husikika Lhukonzo, ambayo ng'ambo huiita Kinande, pamoja na Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Lingala. Karatasi za upande mmoja zimeandikwa Kiingereza, za upande wa pili Kifaransa. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, soko limepanuka, lakini asiyejua lugha ya mwenzake bado humtegemea mtu wa kati, na mtu wa kati hulipwa. Katuni ni mwalimu wa bei nafuu: picha hukueleza nusu ya maana, na nusu iliyobaki unaikamata kwa kurudia kusoma.

Hizi hapa saba ninazompendekezea kila msomaji wa gazeti hili.

1. Juha Kalulu

Anza na mzee wao. Mkenya Edward Gicheri Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walifungua gazeti wakimtafuta yeye kwanza. Juha hufanya mambo kwa haraka, huelewa vibaya alichoambiwa, huumia, na kesho yake anarudi tena. Kiswahili chake ni chepesi na sentensi ni fupi. Kwa Mganda anayeanza kujifunza lugha hii, ambayo baraza la mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Julai 2022 iwe lugha rasmi, hakuna mlango mwepesi kuliko huu. Ukikuta rundo la magazeti ya zamani ya Kenya yanauzwa kwa kilo, pekua kabla ya kulipa.

2. Sani

Tanzania ilikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, akiwachekesha watu wa enzi za Ujamaa kuhusu foleni, ulevi na vigogo wenye vitambi. Baada yake likaja jarida la Sani. Jina hilo limetokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, alichora baadhi ya wahusika wake waliopendwa sana.

Ndani ya Sani utamkuta Lodi Lofa, utamkuta Kipepe, na utamkuta Ndumilakuwili. Huyu wa mwisho mfanyabiashara hahitaji kuelezwa. Ni yule anayekubaliana nawe bei Bwera, mkifika Kasindi ameshaibadilisha, na analalamika kuwa wewe ndiye uliyemdhulumu. Kumcheka kwenye karatasi hukusaidia kumtambua mapema akija na gunia lake.

3. Abunuwasi

Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam na kujipatia jina Nairobi kwa katuni zake za siasa katika magazeti ya Nation. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha kitabu chake cha katuni, Abunuwasi.

Abunuwasi alianza safari zamani. Jina lake ni la mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, na pwani ya Afrika Mashariki ilimgeuza kuwa mjanja wa ngano. Ngano maarufu kuliko zote ni ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo akisema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Siku nyingine akaazima tena, kisha akaja mikono mitupu: sufuria imekufa. Aliyekubali kuwa sufuria inaweza kuzaa angekataaje kuwa inaweza kufa?

Isome ngano hiyo ukiwafikiria wale wanaokupigia simu wakikuahidi kuwa fedha yako itazaa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Wapo wenzetu katika soko hili waliopokea kisufuria cha kwanza kwa furaha, wakapeleka mtaji wote, na leo wanauza kwa mali ya kukopa.

4. Shujaaz

Hii ni ya vijana, lakini mtu mzima asiikwepe. Ilianza Kenya mwaka 2010, ikitolewa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, na baadaye ikaingia Tanzania. Lugha yake ni Sheng, Kiswahili cha vijana wa mitaani Nairobi. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Imeshinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Faida yake ni kwamba ndani ya kila hadithi kuna jambo la kufanya kwa mikono. Toleo moja lilieleza jinsi ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Msomaji hakuhubiriwa chochote. Alionyeshwa kuku wa rangi za ajabu na mwewe aliyechanganyikiwa. Anayefuga kuku wa kuuza Kasindi anajua kifaranga kimoja ni shilingi ngapi.

5. Bogi Benda, na kalamu ya Spire

Sisi Waganda tuna vyetu. James Tumusiime alimbuni Bogi Benda, mtu wa mjini mwenye vituko, ambaye wasomaji wa Kenya walimjua kabla ya sisi wa nyumbani kumzoea. Tumusiime ndiye aliyeanzisha kampuni ya vitabu ya Fountain mjini Kampala mwaka 1988, na baadaye kituo cha utamaduni cha Igongo kilicho nje kidogo ya Mbarara. Anayesafirisha mali kati ya Kampala na magharibi hupita mlangoni pake.

Wa leo ni Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa falsafa na mchoraji wa gazeti la The Observer. Aprili 2023 aliwaalika Waganda mtandaoni waweke picha za mashimo ya barabara kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Picha zilimiminika kwa maelfu, na serikali ikaamuru fedha zitolewe kwa ajili ya barabara za Kampala. Kila dereva aliyewahi kupasua gurudumu akiwa na shehena ya matoke anaweza kupima mwenyewe thamani ya mchoraji wa namna hiyo.

6. Vijarida vya Papa Mfumu'eto

Sasa tuvuke daraja. Wakongo huita hadithi za katuni "bede", na wanazo nyingi kutuzidi. Kinshasa ilikuwa na jarida la Jeunes pour Jeunes tangu mwaka 1968. Kati ya wachoraji wa magazeti wa mji huo yupo Kash, ambaye jina lake kamili ni Thembo Muhindo Kashauri. Mtu wa Bwera akisikia Thembo na Muhindo haulizi huyo ni wa wapi, kwa sababu nyumba ya jirani yake wamo wenye majina hayo hayo.

Lakini wa kumtafuta kwanza ni Papa Mfumu'eto. Mwaka 1990 alianza kuchora, kuchapisha na kuuza mwenyewe vijarida vya bei ndogo kwa Lingala, vikitembezwa mitaani na sokoni Kinshasa. Kile kilichompa jina kilisimulia mwanamume tajiri anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika fedha. Utawala wa Mobutu ulikuwa ukiyumba, na wasomaji walijua chatu ni nani bila kutajiwa jina.

Kwa anayetaka Lingala ya kuagana bei na dereva wa lori, hapa ndipo shule ilipo. Tatizo ni kupatikana. Vijarida hivyo vilichapishwa kwa karatasi hafifu, vikasomwa na watu kumi kumi mpaka vikachanika. Mkusanyiko mkubwa wa nakala na michoro yake umehifadhiwa leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mtoto wa Kinshasa anayetaka kuona alichosoma babake anahitaji viza.

7. Madame Livingstone

Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959 na ndiye mchoraji wa Kongo aliyevuma zaidi Ulaya. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokitoa mwaka 2014 pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, kinahusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji anatumwa kuisaka meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni Mwafrika avaaye sketi ya Kiskoti, ambaye watu wamempachika jina hilo la utani la Madame Livingstone na ambaye anajua mengi kuliko wakubwa wake.

Meli hiyo ni ya kweli. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na kwa jina la Liemba iliendelea kubeba abiria na mizigo ya wafanyabiashara kutoka Kigoma kwa miaka mingi. Kitabu kipo kwa Kifaransa, na tangu 2021 kipo kwa Kiingereza. Pata vyote viwili, uviweke sambamba, na utajifunza Kifaransa ukurasa kwa ukurasa.

Kisome pia kwa sababu ya kile kilichotangulia. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin akiwa Kongo mwaka 1930, hakuwahi kukanyaga nchi hiyo, na Waafrika wake ni wajinga wenye midomo minene. Mwaka 2007 Mkongo mmoja anayeishi Ubelgiji alikwenda mahakamani kutaka kitabu hicho kizuiwe, akashindwa mwaka 2012. Baruti amejibu kwa kalamu: Kongo yake ina watu wenye akili na siri zao.

Usifungie karanga

Utavipata wapi? Vya Kiingereza, ulizia maduka makubwa ya vitabu Kampala. Vya Kifaransa, mtume mwenzako anayekwenda Kinshasa au Bujumbura. Shujaaz unaifuata kwa simu. Sani na magazeti ya zamani ni kazi ya kupekua, kama mitumba: jicho zuri na kufika mapema.

Na ukipata, nunua nakala mbili. Moja soma na kuazimisha mpaka ichakae, ya pili hifadhi mbali na mvua na mchwa. Yaliyompata Mfumu'eto yanaweza kuzipata katuni zetu zote, kwa sababu gazeti huchapwa kwa siku moja na siku ya pili ni karatasi ya kufungia.

Jumanne iliyofuata nilirudi Mpondwe na nakala yangu ya Abunuwasi. Mvulana aliichukua bila kuniamkia, akakaa juu ya gunia na kuanza kuwasomea kwa sauti majirani wa kibanda. Mama yake aliacha kupima karanga. Mteja aliyetoka ng'ambo, dada mmoja mwenye beseni la vitenge kichwani, naye akasimama kusikiliza, na Kiswahili cha kwao cha Kivu hakikumzuia kucheka mahali palepale walipocheka wengine.

Hadithi ilipoisha, yule mama alikipindua kitabu akakagua jalada la nyuma kama anayekagua kitenge.

"Baba," aliniuliza, "Kampala dazeni moja wanauza ngapi?"