Kumfuata Samaki Mjini Unguja

Mji Mkongwe wa Unguja, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu, umepata katika zama zetu kazi ambayo wazee walioujenga hawakuidhania, nayo ni kazi ya kutembeza wageni kwa miguu: vijana wenye vitambulisho shingoni huwachukua makundi kwa makundi, wakawapitisha vichochoroni, wakawaonyesha milango ya nakshi, baraza za mawe na majumba ya masultani, kisha wakawarejesha hotelini kabla jua halijawa kali. Sina neno na kazi hiyo, maana ni rizki ya halali, na katika waongozaji wamo walioisoma tarehe ya mji huu wakaihifadhi barabara. Lakini aghalabu matembezi hayo huanzia majumbani na kuishia majumbani, na bahari, ambayo ndiyo iliyoyaleta majumba hayo, huachwa iwe pambo la nyuma ya picha. Rai yangu ni kwamba atakaye kuujua mji wa pwani na amfuate samaki: aanze pale anaposhushwa, aende naye mpaka mnadani, wala asimwache mpaka amwone chunguni.

Njia hiyo huanzia diko la Malindi, upande wa kaskazini wa mji, kando ya bandari. Siku hizi pana jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, na vyombo vingi vinavyotia nanga mbele yake ni boti za faiba zenye mashine. Lakini watu ni wale wale, na taratibu zao hazikubadilika sana. Anayekuja na saa ya mkononi hupata taabu hapo, kwa sababu kazi hupangwa kwa mwezi na maji. Wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta samaki kwa mwanga wa taa, hutoka katika usiku wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mbalamwezi huiondolea taa kazi yake. Wenye nyavu na mishipi hutazama mkondo. Na siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali hata miamba ikawa wazi, huwa ni zamu ya wachokoaji pweza. Basi mgeni aletwaye kila siku saa nne, kwa sababu hapo ndipo hoteli imekwisha kumpa chai, hukuta sakafu imeoshwa na paka wamelala.

Aliyewahi hukuta mnada. Samaki hulazwa chini kwa mafungu, changu kwa changu na tasi kwa tasi, na wakubwa, kama jodari na nguru, hulazwa mmoja mmoja. Dalali, mikono ya shati imekunjwa hata viwikoni, humshika jodari mkiani, akamgeuza ubavu ili wanunuzi wamtazame jicho na mashavu, maana jicho likizama na shavu likipauka hapana ulimi wa dalali uwezao kumsemea. Bei hutajwa kwa sauti, lakini hupandishwa kwa ishara ya kidole au ya nyusi ambayo jicho la mgeni haliioni. Mchuuzi wa baiskeli hushindana na mnunuzi wa hoteli, na nyuma yao amesimama mama mwenye beseni, akingojea vibua vya kwenda kukaanga barazani kwake. Neno likishafungwa hapana kurudi nyuma, kwa sababu wengi huchukua leo wakalipa kesho, na aliyemhini mwenziwe mara moja hukuta majina yote yanatajwa mnadani ila lake.

Mahali kama hapa hapaingiwi kwa kamera mbele. Mwongozaji mwenye murua huwasimamisha wageni wake kando, akaenda peke yake kumwamkia mkubwa wa watu, "Shikamoo, nahodha," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," wakaulizana habari za nyumbani na za baharini kwa utaratibu wake, ndipo akasema: "Nimekuja na wageni, wanapenda kutazama kazi yenu, kama hamna neno." Nimewaona wasiofanya hivyo, na nimewaona mabaharia wakigeuza nyuso na akina mama wakivuta kanga usoni, na bado kamera zikaendelea kulia; sijui ni urithi gani anaoonyeshwa mtu kwa namna hiyo, ila utovu wa adabu wa yule aliyemleta.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mwongozaji alieleze kwa wasaa, nalo ni mgao, kwani hilo laonyesha kaumu hii inavyoishi kuliko mlango wowote wa nakshi. Fedha za mnada haziwi za mtu mmoja. Hutolewa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chambo. Kinachosalia hugawanywa mafungu, la chombo, la zana na la mabaharia. Na kabla ya hesabu hiyo yote huwa kimekwisha kutengwa kitoweo, samaki wa kupeleka nyumbani, apate kila aliyekwenda, tangu nahodha mpaka kijana wa kufua maji. Hata mzee asiyeweza tena bahari, akifika pwani asubuhi akashika kamba kidogo chombo kinapovutwa, haondoki mkono mtupu, wala hapana atakayeita kitu hicho sadaka mbele yake. Siku ya kukosa, nayo hugawanywa: wote hurudi watupu, na mwenye chombo amekula hasara ya mafuta.

Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Funguni, walipo mafundi. Mgeni ataonyeshwa ngalawa, gogo la mwembe lililochongwa likatiwa matengo mawili ubavuni lisipinduke, na dau na mashua za mbao zilizopandishwa mchangani. Fundi huketi chini ya ubavu wa chombo, huku pamba iliyorowekwa mafuta imejikunja pajani mwake, akaipitisha kwa patasi na nyundo katika kila ufa baina ya mbao mbili, pigo jepesi, pigo jepesi, hata ufa ukashiba. Hiyo ndiyo kalafati, na baada yake hupakwa deheni upande wa chini ili maji na fukusi wasiingie. Chombo kipya hakishuliwi baharini ila kwa dua, kikasomewa, watu wakalishwa, ndipo kikavutwa kwa nyimbo. Na Ijumaa wengi hawatoki hata sala ipite.

Watu hawa walikuwa na ilmu yao ya hesabu, na ni aibu kwetu kuwa tumeiacha iwe mambo ya wazee: mwaka wa jua uanzao Nairuzi, ukahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi hata kutimia 36, na siku tano za ziada, mwaka ambao mpaka leo hukogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini Kaskazi itapoa na lini Kusi itachafuka, na lini majahazi ya Ghuba, yaliyokuja na tende, papa mkavu na nguru wa chumvi, yatageuza omo kurudi kwao. Hali kadhalika aliyezamisha dema lake, mtego uliosukwa mfano wa kikapu, hulipata tena katika maji yasiyo na alama kwa kulinganisha mnara na mnazi wa pwani.

Ukitoka Funguni, Njia ya Mizingani ipitwe upesi. Hapo pana Mti Mkubwa, ambao kivuli chake siku hizi ni makao ya mapapasi wanaogombania abiria wa kwenda Changuu, na pana Zahanati ya Tharia Topan, iliyojengwa baina ya 1887 na 1894. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, ilianguka upande mmoja Desemba 2020. Na ndani yake kulikuwa na mtepe ulioundwa mwaka 2003 kwa namna ya kale, mbao zikashonwa kwa kamba za kumbi pasipo msumari hata mmoja. Jumba likitengenezwa, na uangaliwe tena. Lakini maadamu fundi wa Funguni yu hai na anapiga kalafati, mwongozaji hana udhuru wa kusema hakuna la kuonyesha.

Hatima ya njia ni Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904, kando ya mahali palipokuwa na hori la bahari lililoutenga mji na Ng'ambo kabla halijafukiwa. Huko samaki huwasili juu ya baiskeli, ndani ya matenga yanayotoja maji barabarani, akakatwa vipande, akapelekwa kwa wapishi wa pweza wa nazi, wa changu wa kupaka na wa mchuzi wa papa. Forodhani jioni nako kuna samaki, katika mishikaki iliyopangwa ikapendeza macho; lakini huyo ni samaki wa mgeni, na atakaye wa wenyeji na aombe kualikwa nyumbani.

Nawaomba wenye kupanga matembezi haya waweke diko mwanzo wa safari, wapange saa kwa kutazama maji, na watenge sehemu ya nauli ya mgeni iwafikie wavuvi ambao kazi yao ndiyo inayotazamwa. Na wewe msomaji, ukijaaliwa kufika Unguja, sali alfajiri kisha ushuke Malindi na kikapu mkononi, kwa sababu vibua vya mnadani ni rahisi kuliko vya Darajani.